Funga Mdomo Kwanza: Somo la Hataza kwa Sisi Wanafunzi

Toleo hili nimeombwa niandike somo juu ya hataza. Sikuombwa kwa kuwa mimi ni mwanasheria, la. Mimi nasoma uhandisi. Nimeombwa kwa sababu kila mtu kwenye jumuiya yetu anajua yaliyonikuta na ile kofia. Basi nitaanza na kofia, halafu tuingie kwenye somo lenyewe.

Kisa cha kofia

Joto la Muscat mnalijua. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria ya hapa inakataza watu kufanya kazi juani tangu saa 6:30 mchana mpaka saa 9:30 alasiri. Lakini hata saa nne asubuhi jua lishakuwa kali, na helmeti ya plastiki inampika mtu kichwa. Mafundi wengi wanaivua, na hapo ndipo ajali inapowakuta.

Mimi na mwenzangu mmoja wa Kampala tukabuni kipande cha kuvaa ndani ya helmeti, kinachoshuka mpaka shingoni. Kina kitambaa cha tabaka mbili, kinaloweshwa maji kidogo, na kimeshonwa kwa namna inayopitisha upepo bila kutoboa ganda la helmeti. Ukitoboa ganda umeshaiharibu kinga yenyewe. Tukakijaribu wenyewe juani, kikafanya kazi.

Tukakipeleka kwenye maonyesho ya wanafunzi. Bango letu lilikuwa na kila kitu: michoro, vipimo, mpangilio wa mshono, hata aina ya uzi. Tukapigiwa makofi, tukapewa cheti, picha zikapigwa na kusambazwa. Tukarudi mabwenini tunacheka.

Ikapita miezi 14. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya usalama kule Ruwi akatuambia yuko tayari kukitengeneza, ila kwanza aone hataza yetu. Hapo ndipo nilipokwenda kwa mzee mmoja, Mwomani aliyezaliwa Unguja, ambaye kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kushughulikia maombi ya hataza.

"Masalkheri, ami."

"Masalkheri, mwanangu. Hebu niambie, kitu chenu mmeshamwonyesha mtu?"

"Ndiyo ami, watu kama mia mbili. Tulipewa na cheti."

Akaweka kikombe chake cha karak chini. "Lini?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Mngekuja miezi miwili nyuma, tungesema kitu. Sasa mwanangu, hicho ni cha watu wote."

Ndugu zangu, hakuna aliyetuibia. Tulikitoa wenyewe, kwa mikono yetu, tena tukapiga picha.

Hataza ni nini hasa?

Hataza ni makubaliano baina ya mvumbuzi na dola. Wewe unaeleza uvumbuzi wako wote, kwa maandishi na michoro, mpaka fundi wa fani hiyo aweze kuutengeneza. Dola nayo inakupa haki ya kuwazuia wengine wasiutengeneze wala kuuuza bila ruhusa yako, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya kupeleka ombi. Muda ukiisha, ni mali ya umma.

Masharti makubwa ni matatu. Kiwe kipya, yaani kisiwe kimeshatolewa hadharani popote duniani. Kisiwe jambo ambalo fundi yeyote mwenye ujuzi angelifikia bila taabu. Na kiweze kutengenezwa au kutumika katika shughuli ya uzalishaji. Sisi tulianguka kwenye sharti la kwanza, na aliyetuangusha ni bango letu wenyewe.

Ziko nchi zinazomhurumia mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe. Marekani, na hapa Oman pia, sheria inakupa miezi 12 tangu ulipojitangaza. Ulaya haina huruma hiyo: ukionyesha leo, ukapeleka ombi kesho, umeshachelewa. Kwa hiyo usipange mambo yako kwa kutegemea huruma.

Tena tusichanganye mambo. Jina na nembo ya bidhaa ni alama ya biashara. Kitabu, wimbo na programu ya kompyuta ni hakimiliki. Mnakumbuka zogo la kikoi, pale kampuni moja ya Uingereza ilipoomba mwaka 2006 kusajili neno "kikoy"? Watu wengi walisema kikoi chetu kimepewa hataza. Sivyo. Lile lilikuwa ombi la alama ya biashara, Wakenya wakalipinga, na halikufika mbali. Ukikosea jina la ugonjwa, utakosea na dawa.

Kompyuta: wazo peke yake halina mwenyewe

Wenzetu wa kompyuta hupenda kusema, "Mimi nina wazo, nataka hataza." Wazo halipewi hataza. Na programu yenyewe, yaani ile misimbo uliyoiandika, katika nchi nyingi inalindwa na hakimiliki tangu unapoiandika. Hapa Oman ni sheria ya mwaka 2008, Kenya ni ya 2001. Mkataba wa hataza wa Ulaya unasema wazi kwamba programu ya kompyuta kama programu haipewi hataza. Panapofunguka mlango ni pale programu inapotatua tatizo la kiufundi, kwa mfano kupunguza mzigo wa mtandao au kuendesha mtambo.

Tazameni M-Pesa. Safaricom waliizindua Kenya mwezi Machi 2007. Vijiweni utasikia iliibwa kwa mwanafunzi. Kinachojulikana ni kwamba mradi uliendeshwa ndani ya Vodafone na Nick Hughes na Susie Lonie, kwa kusaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza. Jina la Kiswahili, wateja wa Afrika Mashariki, lakini haki za jina na mfumo zilikuwa Vodafone mpaka mwaka 2020, Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini walipozinunua. Miaka 13! Funzo ni kwamba kutumia kitu kuliko watu wote duniani hakukufanyi uwe mwenye kitu.

Bioteknolojia: jina lako limo kwenye karatasi?

Zamani ilidhaniwa kiumbe hai hakipewi hataza. Kesi iliyogeuza mambo ilikuwa ya Ananda Chakrabarty, mwanasayansi kutoka India aliyekuwa akifanya kazi General Electric huko Marekani. Alitengeneza bakteria wa kula mafuta yaliyomwagika, jambo ambalo sisi tunaokaa kwenye pwani ya meli za mafuta tunalielewa haraka. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji 5 kwa 4, kwamba bakteria huyo anaweza kupewa hataza kwa kuwa ametengenezwa na mtu.

Lakini kesi inayotuhusu zaidi ni ya nyumbani. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa Manitoba, Canada, walikuwa wakifuatilia afya za wanawake waliokuwa wakiuza miili yao Majengo, mtaa wa Pumwani. Baadhi yao walikutana na virusi vya UKIMWI kwa miaka bila kuambukizwa. Kutokana na kinga ya wanawake hao likazaliwa wazo la chanjo, na Nairobi na Oxford wakashirikiana kuitafuta. Mwaka 2000 ikagundulika kwamba ombi la hataza limeshapelekwa Uingereza, na Wakenya hawamo. Pakawa na kelele kubwa, magazetini na bungeni. Baada ya mazungumzo Chuo Kikuu cha Nairobi kikaingizwa kwenye umiliki.

Chanjo yenyewe haikufaulu. Kufikia 2004 ilionekana haiamshi kinga ya kutosha. Lakini mzozo uliacha funzo: ushirikiano mzuri, chai na picha za pamoja si mkataba. Wewe unayechukua sampuli za damu, udongo au mimea ya kwenu na kuzileta maabara ya ugenini, uliza siku ya kwanza, kabla ya kufungua boksi: matokeo yakipatikana, nani ni mvumbuzi na nani ni mmiliki? Hayo ni mambo mawili tofauti. Mvumbuzi ni aliyebuni. Mmiliki huenda akawa chuo au mfadhili, kwa sababu ya karatasi uliyosaini siku ya kujiandikisha ukiwa na usingizi wa ndege.

Vifaa vya kujikinga

Hapa nina hasira zangu, lakini nitasema kwa upole.

Garrett Morgan, Mmarekani mweusi, alipata mwaka 1914 hataza ya kofia ya kumsaidia mtu kupumua penye moshi. Mwaka 1916 mlipuko ulitokea kwenye handaki chini ya Ziwa Erie, Cleveland. Morgan na ndugu yake wakavaa kofia hizo, wakaingia kutoa watu. Lakini katika kuuza alilazimika mara nyingine kumtanguliza mzungu ajifanye ndiye mvumbuzi, maana wanunuzi wangemkimbia. Hataza ilimlinda na waigaji, haikumlinda na ubaguzi. Tusiipe hataza sifa isiyokuwa nayo.

Wa pili ni Peter Tsai. Alitoka Taiwan kwenda kusoma Marekani, mwanafunzi wa ughaibuni kama sisi. Akiwa Chuo Kikuu cha Tennessee, yeye na mwenzake walibuni njia ya kuzitia nyuzi umeme tuli, ili barakoa ivute vumbi na vijidudu bila kufumwa kwa kubana mno. Ndiyo maana unaweza kupumua ndani yake. Hataza ilitolewa mwaka 1995, na mmiliki ulikuwa upande wa chuo, si yeye. Mwaka 2020, wakati barakoa zimeadimika kwa sababu ya korona, alitoka kwenye ustaafu akaanza kutafuta njia ya kuzisafisha zitumike tena.

Na hataza ile ya 1995 imeshamaliza muda wake. Maelezo yake yako wazi. Kiwanda cha Temeke au Thika kinaweza kuyasoma na kuyatumia bila kumwomba mtu. Hili wengi hatulijui. Hataza ni ya nchi kwa nchi. Isiyosajiliwa kwetu haimzuii mtu kutengeneza na kuuza kwetu, ingawa hawezi kupeleka bidhaa hiyo kwenye nchi ambako bado inalindwa. Sisi tunalia kwamba tumefungiwa elimu, kumbe mamilioni ya hataza yanasomeka bure kwenye intaneti na hatuyasomi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, funga mdomo. Usitundike bango, usiwasilishe kwenye kongamano, usitume picha, wala usiweke tasnifu maktabani kabla ombi halijapelekwa. Ukilazimika kumweleza mtu, asaini kwanza karatasi ya kutunza siri.

Pili, andika daftari. Tarehe, mchoro, nani alifanya nini. Urafiki huharibika kwa sababu ya kumbukumbu kuliko kwa sababu ya fedha.

Tatu, tafuta kwanza kwenye hazina za hataza za intaneti. Huenda kitu chako mtu alishakibuni zamani, nawe ukaokoa miaka miwili ya maisha yako.

Nne, soma sera ya miliki bunifu ya chuo chako na masharti ya mfadhili wako. Usione haya kuuliza.

Tano, jua mlango wa kubisha. Kenya ni KIPI, Uganda ni URSB, Tanzania Bara ni BRELA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na ofisi yake, BPRA, kwa hiyo ndugu yangu wa Unguja au Pemba usidhani cheti cha Dar kinakutosha. ARIPO ya Harare hupokea ombi moja kwa nchi kadhaa wanachama. Hapa Oman ni wizara ya biashara. Ukishapeleka ombi nchi moja, una miezi 12 ya kupeleka kwengine bila kupoteza tarehe yako ya kwanza. Ukipitia mkataba wa kimataifa wa PCT, unapata kwa kawaida miezi 30 ya kuamua ni nchi zipi utazilipia.

Sita, piga hesabu. Hataza ina ada ya kuomba na ada za kuihuisha. Kama hutauza wala kumkodisha mtu haki hiyo, pengine ni bora ukitoe hadharani kwa makusudi, watu wafaidike. Lakini iwe umeamua, isiwe ajali.

Ile kofia yetu ndiyo hivyo tena. Mwenzangu wa Kampala alikasirika wiki nzima, halafu akasema kama ni ya watu wote, basi na iwe kweli ya watu wote. Tumempa yule mfanyabiashara michoro. Ameshona chache, na juzi nimeona fundi mmoja Mawaleh amevaa, helmeti iko kichwani, hakuivua. Nilifurahi, wallahi. Ila tumeshaanza kitu cha pili, na safari hii msiniulize ni nini.

Maswali ya kujadiliana kwenye mkutano wetu

1. Mradi wako wa mwaka wa mwisho ukizaa uvumbuzi, chuo chako kinasema ni mali ya nani? Njoo na maneno ya sera yenyewe.
2. Katika kisa cha Majengo, je, wanawake waliotoa damu walistahili sehemu? Kwa njia gani?
3. Tafuta hataza moja iliyokwisha muda wake ambayo ingefaa kijijini au mtaani kwenu. Ni nini kinachozuia kuitumia?