SOMO LA USALAMA KAZINI: KUVUTA BOTI JUU YA TELA, NA SWALI LA TURUBAI



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya mashine za kiwandani na dawa za kunyunyizia mashambani. Safari hii tunakwenda pwani, Palma, kwenye ncha ya kaskazini ya Cabo Delgado. Tutajifunza namna ya kuvuta boti juu ya tela, na tutajibu swali ambalo madereva na utingo wanabishana kila siku: boti ivutwe ikiwa imefunikwa, au ivutwe wazi?

Huenda ndugu wa kiwanda cha korosho au wa shamba la mkonge akasema, "Hili halinihusu." Linamhusu. Trekta linalovuta boti ni lile lile linalovuta mkonge na magunia. Turubai ni lile lile. Na kibarua anayeambiwa apande juu ya mzigo aushikilie ni yule yule.

Palma ni mji wa wavuvi. Tangu zamani chombo hupandishwa pwani kwa mikono, juu ya magogo, watu wakivuta pamoja. Kazi ya gesi ya Afungi ilipokuja, ziliongezeka boti za faiba, injini za kupachika, magari na matela. Kuanzia mwaka 2019 familia zilizokaa ndani ya eneo la mradi zilihamishiwa Quitunda, mbali zaidi na bahari. Mvuvi akajikuta nyumba iko upande huu na chombo kiko upande ule. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa, na watu wengi waliokoka kwa sababu walipata chombo cha kuwavusha baharini. Basi hapa kwetu boti ni jembe, na siku ya shida ni mlango wa kutokea. Kuitunza ni kazi yenye maana.

YALIYOTOKEA

Mwaka 2019 kontrakta mmoja alitaka boti ya faiba ipelekwe kutoka pwani hadi karakana yake. Boti ilifunikwa turubai kubwa lililokuwa la kufunikia saruji. Kamba zilikuwa chache. Msimamizi akawaambia vibarua watatu: "Pandeni juu, mlilalie turubai lisipeperuke." Wakapanda. Nani angekataa, na nje ya geti kuna watu ishirini wanaongoja nafasi yake?

Walipofika mahali ambapo njia ni ngumu na imenyooka, dereva akakaza mwendo. Upepo ukaingia chini ya turubai upande wa omo, likafura kama tanga. Mmoja wa wale watatu akarushwa akaanguka njiani, mguu ukavunjika. Tulipokwenda kudai haki yake tuliambiwa kwamba alipanda kwa hiari yake, tena jina lake halimo katika orodha ya bima. Tulihangaika miezi mingi. Mwisho alilipiwa gharama za matibabu, lakini mshahara wa siku alizolala nyumbani hakuuona mpaka leo.

Tuliporudi kulichunguza jambo lile tuligundua kwamba hata sisi wa chama hatukujua hesabu ya upepo. Laiti tungeijua, tungeweza kumwonyesha msimamizi kwa penseli na karatasi kwamba amri yake haiwezekani. Tuifanye hesabu hiyo sasa.

HESABU YA UPEPO

Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya upepo huzidi mara nne. Ukizidisha mara tatu, huzidi mara tisa.

Gari likienda kilomita 40 kwa saa, upepo unaopiga kitu uso kwa uso unakisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 8 katika kila mita moja ya mraba. Likienda kilomita 80, nguvu inafika kilo 31 hivi. Na kama kusi inavuma mbele yako kwa kilomita 30, wewe una 80, turubai linaona upepo wa kilomita 110. Hapo ni karibu kilo 58 kwa kila mita ya mraba.

Sasa chukua turubai ambalo mita 10 za mraba zimefura na kuukabili upepo. Kwa kilomita 40 unahitaji kuzuia kama kilo 80. Kwa kilomita 80 ni kilo 310. Wale vibarua watatu, kila mmoja ana kilo 60, jumla kilo 180. Wangelizuiaje? Hata wangekuwa watano wasingeweza. Ile haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa hesabu.

HESABU YA MAJI

Wanaotaka boti ifunikwe wana hoja yao, nayo ni mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, yaani kilo moja. Boti yenye uwazi wa mita 5 kwa mita moja na nusu ina mita za mraba 7 na nusu. Mvua ya masika ikinyesha milimita 40, boti inapokea lita 300. Ni kilo 300 ambazo hukuzipanga, na matairi hayakuzitarajia.

Tena maji hayakai mahali pamoja. Ukipanda mlima yanakimbilia tezi, na kichwa cha tela kinanyanyuka. Ukishuka yanakimbilia omo.

Lakini turubai peke yake si dawa. Likilegea katikati linakuwa bakuli, na maji yale yale yanakaa juu badala ya chini. Dawa ya kwanza ni kizibo. Boti ikiwa juu ya tela, toa kizibo cha tezi maji yatoke yenyewe. Kifunge kizibo hicho kwa uzi kwenye usukani wa gari, ili asiwepo wa kukisahau siku ya kuishusha baharini. Boti iliyoshushwa bila kizibo huzama mbele ya macho ya watu.

FUNIKA AU USIFUNIKE?

Baada ya hesabu hizo mbili, jibu letu ni hili:

1. Kifuniko kilichoshonwa kwa umbo la boti hiyo, kinachokaza pande zote na chenye mikanda inayopita chini ya tumbo la boti: funika, uende nacho. Kinazuia mvua, vumbi na kokoto.

2. Turubai la kawaida, la kufunikia boti ikiwa imesimama: liondoe kabla ya safari. Likunje, uliweke ndani ya gari. Turubai linalopepea linasugua rangi na faiba kama msasa, linachanika kwenye pembe, na likikatika linaweza kumfunika uso dereva wa pikipiki anayekuja nyuma.

3. Kama huna budi kutumia turubai la kawaida kwa sababu ya mvua, basi nenda polepole, usizidi kilomita 40. Anza kulifunga omo, upande wa mbele ulale juu ya upande wa nyuma pasipatikane mdomo wa kuingiza upepo. Weka mti katikati kama mwamba wa paa, ili maji yateremke. Pitisha kamba juu na chini ya boti kila baada ya nafasi ya mkono mmoja. Weka matambara penye pembe kali.

4. Usifunike boti ili kuficha vitu vilivyolegea ndani. Ndoo, matangi ya mafuta, makasia, nyavu na maboya yatolewe au yafungwe kila kimoja kwa kamba yake.

5. Ukisimamishwa kizuizini ukaagizwa kufungua, fungua. Lakini usiondoke mpaka umelifunga upya kama mwanzo. Haraka ya kuondoka kizuizini ndiyo inayoacha kamba moja wazi.

6. Mtu asipande ndani ya boti wala juu ya kifuniko, hata kwa mwendo wa mita mia. Hakuna ubaguzi katika kanuni hii.

Neno moja juu ya vyombo vya mbao. Mashua au dau likikaa juani bila kifuniko, mbao zinakauka na kusinyaa, kalafati inalegea. Wazee wetu walijua hayo, ndiyo maana chombo kilichopandishwa hufunikwa makuti. Basi chombo cha mbao kifunikwe kinaposimama, na kama kitakaa siku nyingi kitiliwe magunia yaliyoloweshwa. Katika safari, mkuku ulale juu ya mbao zilizovikwa magunia, uzito usikae penye taruma moja. Ukifika, kague kalafati kabla ya kukishusha.

KUIFUNGA BOTI NA KULIPANGA TELA

Kifuniko si kifungo. Tumeona watu wanakaza turubai vizuri na kudhani boti imefungwa. Boti ifungwe kwanza, ndipo ifunikwe.

Uzito unaokaa juu ya ndoano ya gari uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote wa tela na mzigo. Tela na boti vikiwa kilo 1,000, ndoano ibebe kilo 50 hadi 100. Ukiwa mdogo kuliko hapo, tela litaanza kuyumba kama mkia wa samaki. Likiyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala usigeuze usukani kwa kishindo. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani sawasawa mpaka litulie, kisha simama upange mzigo upya.

Omo ifungwe kwa mkanda wa winchi, na pamoja na huo iwekewe mnyororo wake. Winchi peke yake haitoshi. Tezi ifungwe kwa mikanda miwili, kulia na kushoto. Mnyororo wa tela na gari upishane chini ya ndoano, ili kichwa cha tela kikichomoka kiangukie mnyororo na si barabara. Injini ya kupachika iinuliwe na iwekewe mti wa kuiegemeza.

Kwa sheria za barabara za Msumbiji, anayevuta tela aweke alama ya pembetatu ya njano katika kibao cha buluu mbele ya gari na nyuma ya tela. Hakikisha turubai halifuniki taa wala alama hiyo.

MAJI YA CHUMVI

Adui mkubwa wa tela la boti ni chumvi. Beringi zikiwa za moto baada ya safari, ukizitumbukiza baharini zinapoa ghafla na kuvuta maji ya chumvi ndani. Baada ya wiki chache zinakamata, gurudumu linatoka njiani. Kwa hiyo ukifika pwani, ngoja beringi zipoe kwanza. Chomoa waya wa taa kabla tela halijaingia majini. Kazi ikiisha, osha tela kwa maji baridi ya kisima, utie grisi. Baada ya kilomita chache za safari, simama upeleke mkono karibu na kitovu cha gurudumu. Kikiwa na moto usiovumilika, beringi inalia msaada.

HAKI YETU

Ndugu, kanuni zote hizi zinahitaji vitu: mikanda, kifuniko cha kufaa, grisi, na muda wa kusimama kukagua. Vitu hivyo hununuliwa na mwajiri, havitoki mfukoni mwa utingo. Sheria ya Kazi ya Msumbiji, namba 13 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Februari 2024, inamtaka mwajiri aweke mazingira salama ya kazi, awaeleze wafanyakazi hatari zilizopo, na awakatie bima ya ajali kazini. Kwa ndugu zetu wa Tanzania iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008.

Lakini sheria haishuki garini kufunga kamba. Tufanye mambo matatu. Kwanza, kila kibarua, hata wa siku moja, aulize kama jina lake limeandikwa katika orodha ya bima kabla hajagusa mzigo. Pili, amri ya hatari ikitolewa, asijibu mtu mmoja. Wajibu wote pamoja, na mjumbe wa chama aiandike siku, saa na maneno yaliyosemwa. Tatu, ajali ikitokea, andikeni majina ya mashahidi siku ile ile. Yule ndugu yetu wa mguu uliovunjika alikosa haki yake kwa sababu sisi tulichelewa kuandika. Kosa hilo ni letu pia, na tunalisema ili lisirudiwe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MATAWI

1. Trekta la shambani kwenu likienda kilomita 20 kwa saa, kisha 40, nguvu ya upepo juu ya turubai inazidi mara ngapi?

2. Boti au tela lenye uwazi wa mita 4 kwa mita 2 likinyeshewa milimita 25, linabeba kilo ngapi za maji?

3. Hapo kazini kwenu, nani huambiwa apande juu ya mzigo? Jina lake limo katika orodha ya bima?

4. Msimamizi akisema, "Asiyetaka aende nyumbani," tawi lenu litajibu nini, na nani atasema?

Majibu ya swali la nne yaletwe kwa maandishi katika mkutano ujao. Hayo ndiyo tutakayoanza nayo.

Umoja ni nguvu.