SOMO: Kutoka Jela Hadi Bungeni



Leo tuangalie maisha ya mtu wa huku kwetu Taita, Mwandawiro Mghanga. Lengo si kumpigia debe, ni kujifunza.

1. Mwanafunzi
Katikati ya miaka ya 1980 alikuwa mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku hizo sheria iliruhusu chama kimoja tu cha siasa, na kuuliza swali lilikuwa jambo la hatari. Februari 1985 polisi waliwavamia wanafunzi waliokusanyika kwa maombi. Mghanga alifukuzwa chuoni, akafungwa jela. Baadaye aliishi uhamishoni Sweden.

2. Mbunge
Desemba 2002 watu wa Wundanyi walimchagua kwa tiketi ya Ford-People. Mwaka 2003 Bunge likapitisha sheria ya CDF, iliyotenga angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kwa maeneo ya Bunge. Basi mambo yakageuka: aliyezoea kuiuliza serikali, sasa ni yeye wa kuulizwa. Darasa liko wapi? Basari amepata nani? Uchaguzi wa 2007 wananchi walimpa kiti mtu mwingine.

3. Tunajifunza nini?
Kwanza, haki tulizo nazo leo wengine walizilipia kwa jela. Katiba ya 2010 inasema tunaweza kukusanyika kwa amani bila silaha (Ibara ya 37), kupata habari zilizo kwa serikali (Ibara ya 35), na aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24 au siku ya korti inayofuata (Ibara ya 49).

Pili, tusimwachie mbunge kazi yote, hata akiwa mtetezi wa haki. Kura ni mwanzo tu. Kama bwawa la kijiji halijaisha, kikundi kiandike barua ya kuuliza pesa zilivyotumika. Watu wawili waipeleke ofisini, na nakala iliyopigwa mhuri ibaki kwa katibu.

Tatu, tuanzie nyumbani. Mweka hazina wetu naye asome hesabu mbele ya wote. Nyani haoni kundule!

Maswali ya kujadili
1. Ni mradi gani hapa kwetu hatujauliza hesabu yake? Kwa nini?
2. Mwanakikundi akiuliza swali gumu mkutanoni, huwa tunamfanyia nini?
3. Nani ataandika barua, na ataipeleka lini?