Asilimia Kumi Iwafikie na Wasiokuja Mkutanoni

Halmashauri yenye mapato ya ndani ya shilingi bilioni 2 ina takriban shilingi milioni 200 za kukopesha kwa mwaka: milioni 80 za wanawake, milioni 80 za vijana na milioni 40 za watu wenye ulemavu. Hiyo ndiyo asilimia 10 ambayo Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, tangu irekebishwe mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri ya Tanzania Bara iitenge na kuikopesha bila riba. Fedha ipo. Lakini kaa kwenye ofisi ya kata siku ya kupokea maombi, utaona wanaoingia ni walewale: waliosoma tangazo mapema, wenye jamaa ofisini, wenye mtu wa kumpigia simu. Mama anayekaanga mihogo njia panda hayumo. Kijana kiziwi anayeshona viatu sokoni hayumo.

Waheshimiwa madiwani, watendaji na maafisa maendeleo ya jamii, hili mnaweza kulirekebisha bila kusubiri waraka mwingine.

Anzeni na orodha ya wasiokuja. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika walau kila miezi mitatu na mahudhurio huandikwa. Chukueni daftari la mahudhurio na rejista ya wakazi, mkae na wenyeviti wa vitongoji, muulize nyumba kwa nyumba: hapa hatujawahi kumwona nani? Mtatajiwa mjane anayelea wajukuu, mtu asiye na kiti mwendo, wavuvi walio dago, wapangaji wapya, kijana aliyetoka jela juzi. Hao ndio wa kufuatwa kwanza.

Kisha tazameni saa. Kikao cha saa nne asubuhi kinamkosa mama lishe, maana ndiyo saa anayoinjika wali wa mchana. Mfuateni saa kumi jioni, pale pale kibandani. Wavuvi wafuateni ufukweni wakishusha samaki. Tangazo lisiishie kwenye ubao: lisomwe msikitini, kanisani na kwenye gulio. Mkalimani wa lugha ya alama awekewe fungu kwenye bajeti, asiwe mtu wa kuombwa kwa hisani.

Kazi kubwa iko kwenye makaratasi, na hapa ndipo maskini wengi hukwama. Katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki, andiko la mradi, namba ya NIDA, halafu maombi yenyewe yajazwe mtandaoni. Kishoka, yaani dalali asiye rasmi, anaijua shida hiyo. Anawaandikia akina mama katiba, anajiweka katibu, na mkopo ukitoka yeye ndiye mwenye kadi ya benki. Dawa yake ni afisa kukaa na kikundi siku ya gulio, wakaiandika katiba kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kila mmoja akisikia. Mkimaliza, muulizeni kila mwanachama peke yake mambo matatu: fedha inashikwa na nani, asiyelipa mnamfanyaje, na mwenzenu akifariki deni lake linakwenda wapi. Kikundi cha kweli hujibu, hata kwa kubishana. Kilichokusanywa jana hutazamana.

Maswali hayo yana sababu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hii, baada ya ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha marejesho mabovu na vikundi hewa, na haikurejea hadi 2024. Walioumia katika kipindi hicho ni pamoja na waliokuwa wakilipa vizuri na kungoja awamu ya pili. Kwa hiyo nendeni mkaione biashara ilipo kabla ya kuidhinisha. Watu wanaoomba milioni 10 za kuku ilhali hakuna hata mmoja aliyewahi kufuga, wapeni kwanza kiasi kidogo. Marejesho nayo, kadiri kanuni zinavyoruhusu, yafuate mzunguko wa kazi yao: mkulima baada ya mavuno, muuza chakula kidogo kidogo. Na majina ya vikundi, kiasi na mtaa yabandikwe hadharani. Majirani ni wakaguzi wasiolipwa posho.

Msimkopeshe kila maskini, hata hivyo. Bibi anayeumwa miguu na hana wa kumsaidia, mkimpa deni mnamwongezea mzigo. Huyo ni wa afisa ustawi wa jamii, wa msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza, na wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) pale utambuzi wa kaya unapofanyika. Kulitaja jina lake mkutanoni ni wajibu wa mwenyekiti wa kitongoji, kwa kuwa bibi mwenyewe hawezi kufika.

Jambo moja husahaulika karibu kila mahali: mteja. Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri hiyohiyo inayowakopesha mafundi cherehani hununua mapazia ya zahanati, na inayowakopesha maseremala hununua madawati. Mwiteni afisa ununuzi kwenye kikao cha kupitisha mikopo, aje na mpango wake wa manunuzi wa mwaka unaoanza Julai, na vikundi vionyeshwe zabuni vinazoziweza na namna ya kujisajili kabla mwaka huo haujaanza.