Neno na Maana Yake

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake, twapenda kuwasomesha ndugu zetu mlango mmoja wa elimu ya Mantiki, nao ni mlango wa dalala, yaani namna neno lionyeshavyo maana. Huenda mtu akauliza: Jambo hili lamfaa nini mtu wa sokoni? Twamjibu: Ni ndugu wangapi waliokosana kwa neno moja la wasia!

Wanavyuoni wamesema neno huonyesha maana kwa njia tatu. Ya kwanza ni mutabaka, kuonyesha maana nzima. Kama “nyumba” kwa kuta, paa na milango pamoja. Ya pili ni tadhamuni, kuonyesha sehemu iliyomo. Asemaye, “Nyumba yangu yavuja,” amekusudia paa. Ya tatu ni iltizamu, kuonyesha jambo lililo nje ya maana lakini haliepukani nayo. Hapana nyumba ila ina mjenzi, na mjenzi si sehemu ya nyumba.

Je, ardhi iliyo chini ya nyumba imo katika fungu gani? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaj ya kwamba mtu akiuza “dar”, ardhi nayo huingia katika mauzo. Basi katika neno hilo la Kiarabu ardhi ni sehemu ya maana. Lakini hapa Mombasa, tangu zamani, watu hujenga juu ya ardhi ya wengine wakailipia kodi, na nyumba bila ardhi huuzwa na kurithiwa. Kwetu sisi neno “nyumba” laonyesha ardhi kwa iltizamu tu, kwani nyumba haisimami hewani. Ama kuwa ardhi hiyo ni mali ya mwenye nyumba, neno halikusema.

Basi mwenye kufasiri “dar” kwa “nyumba”, asitazame mazoea ya wasemaji, amekosea. Na kosa si la kitabu, ni la msomaji.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandikiana madeni, katika Suratul Baqara, aya ya 282. Basi auzaye, ausiaye au awekaye wakfu na aandike waziwazi: “nyumba pamoja na ardhi yake”, au “nyumba bila ardhi”. Maneno mawili matatu hayana gharama. Ugomvi wa warithi hugharimu udugu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.