SOMO: Kubadili Mkanda wa Taimingi wa Gari la Chama



Katika somo hili tutajifunza habari za kitu kidogo cha mpira kilichofichwa nyuma ya kifuniko, mbele ya injini ya gari. Kitu hicho ni mkanda wa taimingi, ambao mafundi wengi huuita belti ya taimingi. Ukikatika injini ikiwa inakwenda, injini nzima huweza kuharibika kwa kufumba na kufumbua, na chama kikalipa mara nyingi zaidi ya bei ya mkanda wenyewe.

Somo hili halikuandikwa kwa ajili ya mafundi. Fundi anajua kuufunga mkanda, lakini haitwi mpaka chama kiamue kumwita, na uamuzi huo ni wa katibu na Bodi. Jambo kuu la kushika ni hili: mkanda wa taimingi hubadilishwa kwa kufuata daftari, wala si kwa kungoja dalili.

1. KAZI YA MKANDA

Ndani ya injini mna vyuma virefu viwili vinavyozunguka. Cha chini ni krankshafti, ambayo huzungushwa na pistoni. Cha juu ni kemshafti, ambayo hufungua na kufunga valvu za kuingizia hewa na kutolea moshi. Mkanda wenye meno huviunganisha vyuma hivi ili krankshafti inapozunguka mara mbili, kemshafti izunguke mara moja kamili, bila kupitiliza wala kuchelewa. Katika injini nyingi za dizeli mkanda huohuo huzungusha pia pampu ya dizeli.

Injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, krankshafti huzunguka mara 50 kwa sekunde moja, na kila valvu hufunguka mara 25 katika sekunde hiyohiyo. Sasa fikirini mkanda umekatika. Kemshafti husimama, na valvu zilizokuwa wazi hubaki wazi, hali pistoni bado zinapanda kwa nguvu. Katika injini ya dizeli pistoni hupanda mpaka karibu kabisa na silinda hedi, kwa kuwa dizeli huwashwa na joto la hewa iliyobanwa sana. Valvu iliyo wazi haina nafasi hapo. Basi pistoni huigonga na kuipinda, na huenda pistoni yenyewe au kemshafti ikavunjika pia.

2. JE, GARI LENU LINA MKANDA HUU?

Si kila gari lina mkanda wa taimingi. Injini nyingine hutumia cheni, na malori mengi makubwa hutumia giya. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ zina mkanda. Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L zina mkanda. Land Rover Defender zenye injini ya 300Tdi na Mitsubishi L200 zenye injini ya 4D56 nazo zina mkanda. Hiyo ya 4D56 ina pia mkanda wa pili ulio mdogo, nao hauna budi kubadilishwa pamoja na ule mkubwa, maana ukikatika huweza kuuingilia mwenzake. Hilux zenye injini za dizeli za 1GD na 2GD, zilizoanza kutolewa mwaka 2015, hutumia cheni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya katibu ni kuitambua injini ya gari la chama. Aina yake huandikwa katika kibati kilichomo ndani ya boneti na katika kitabu cha gari. Iandikeni katika ukurasa wa kwanza wa daftari la matengenezo, na kando yake iandikwe kama injini ina mkanda, cheni au giya.

3. UBADILISHWE LINI?

Yako mambo manne ya kutazama. Lolote litakalotangulia kutimia ndilo linaloamua.

(a) Kilomita. Kwa injini za Toyota za dizeli tulizozitaja, kipimo kilichozoeleka ni kilomita 100,000. Kitabu cha gari lenu kikitaja kipimo kingine, fuateni kitabu.

(b) Miaka. Mkanda ni mpira wenye nyuzi ndani yake, nao huzeeka hata gari likiwa limesimama bandani. Mafundi wengi hushauri usivuke miaka saba, hata kama kilomita hazijatimia. Jambo hili ni muhimu kwa vyama vidogo ambavyo gari lake hufanya kazi msimu mmoja tu katika mwaka.

(c) Oili na maji. Sili za oili za mbele ya injini zikivuja, oili huuingia mkanda na kuulainisha mpira wake. Mkanda uliolowa oili haufutwi ukarudishwa. Hubadilishwa mara moja pamoja na sili iliyovuja, hata kama ni wa mwaka jana.

(d) Historia isiyojulikana. Gari likinunuliwa kuukuu bila kumbukumbu za kuaminika, mkanda ubadilishwe kabla gari halijaanza kazi, na gharama hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya kununulia. Magari yatokayo Japani mara nyingine huwa na kibandiko ndani ya boneti kinachoonyesha kilomita na tarehe ya kubadili mkanda. Tafuteni msomaji wa Kijapani, au tumieni programu ya kutafsiri iliyomo kwenye simu. Angalieni pia hesabu ya miaka, kwa sababu Wajapani huandika mara nyingi kwa zama za wafalme wao: mwaka wa 20 wa Heisei, kwa mfano, ni mwaka 2008.

Wako wanaosema, "Injini inakwenda vizuri, kwa nini tuifungue?" Hoja hii huzishinda Bodi nyingi, lakini haina msingi. Mkanda unaokaribia kukatika huweza kuiendesha injini kwa utulivu uleule wa mkanda mpya. Ni kweli kwamba fundi akifungua kifuniko anaweza kuona nyufa, kingo zilizochanika au meno yaliyolika, na akiyaona hayo mkanda utolewe siku hiyohiyo. Lakini asipoyaona, hilo si thibitisho kwamba mkanda ni mzima. Nyuzi zinazoushikilia zimo ndani, wala macho hayazioni.

Wengine hutegemea taa iliyoandikwa T-BELT, iliyomo katika dashibodi za magari mengi ya Toyota ya dizeli. Taa hiyo haiuoni mkanda. Huhesabu kilomita tu. Ikiwa mkanda ulibadilishwa na taa haikurudishwa mwanzo, au balbu yake imeungua, taa hiyo haitawaambia ukweli. Basi taa ikiwaka, mtazame daftari. Na isipowaka, mtazame daftari vilevile.

4. HESABU YA MSIMU

Tuchukue mfano wa chama cha wakulima wa pamba chenye Hilux moja. Gari hilo hupeleka mizani, stakabadhi na viuatilifu vijijini. Katika miezi minne ya ununuzi, Juni hadi Septemba, huenda kilomita 3,000 kila mwezi. Katika miezi minane iliyobaki huenda kilomita 1,800 kila mwezi. Mkanda ulibadilishwa mita ikisoma 148,200, kwa hiyo zamu ijayo ni 248,200.

Mwisho wa Machi mita inasoma 236,200. Mkanda umekwenda kilomita 88,000, na zimebaki 12,000. Katibu asiyepiga hesabu atasema kuwa bado ni mapema. Na tuipige:

Mwisho wa Mei: 236,200 + 3,600 = 239,800.
Mwisho wa Julai: 239,800 + 6,000 = 245,800.
Zilizobaki kufikia 248,200: kilomita 2,400.

Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa siku, zamu itatimia karibu na tarehe 24 Agosti, katikati ya ununuzi, wakati mizani inangojewa vijijini na wakulima wamekwisha kuleta pamba yao. Hapo gari halitaachwa gereji hata siku mbili, na Bodi itaambiwa, "Tumalize msimu kwanza." Septemba ikiisha, mkanda utakuwa umekwenda kilomita 103,600, na kila kilomita iliyozidi ni bahati nasibu inayochezwa kwa mali ya wanachama.

Uamuzi sahihi ni kuubadili mwishoni mwa Mei. Je, tutakuwa tumepoteza? Tuseme ankara za mafundi zinaonyesha kwamba kazi yote pamoja na spea ni shilingi 600,000. Tukigawa kwa kilomita 100,000, kila kilomita hugharimu shilingi 6. Mwishoni mwa Mei zinakuwa zimebaki kilomita 8,400, yaani shilingi 50,400 za mkanda ambazo hatukuzitumia. Hicho ndicho kiasi chote tunacholipa ili msimu upite salama. Linganisheni na gharama ya valvu mpya, kazi ya silinda hedi na gari la kukodi kwa muda wote ambao la chama litakuwa limefunguliwa.

Hesabu hiyohiyo yaonyesha namna ya kujiwekea akiba. Kila mwezi katibu azidishe kilomita zilizokwenda kwa shilingi 6, na kiasi hicho kitengwe katika fungu la matengenezo. Mwezi wa kilomita 3,000 utatenga shilingi 18,000. Zamu ikifika, fedha zitakuwapo, na makisio yatakayopelekwa Mkutano Mkuu yatakuwa na msingi unaoelezeka kwa mwanachama yeyote.

5. DAFTARI LISEME NENO KAMILI

Katika kukagua vitabu vya vyama, neno linaloleta taabu kuliko mengine katika hati za malipo ya magari ni "belti". Hati husema, "Kubadili belti," kisha hutiwa sahihi na kuwekwa jaladani. Belti gani? Gari lina mkanda wa feni na wa jenereta, ambao uko nje, ni rahisi kuubadili na bei yake ni ndogo. Anayekuja baadaye huisoma hati hiyo akadhani kwamba mkanda wa taimingi ndio uliobadilishwa, na chama huingia msimu kikiamini jambo ambalo halikufanyika.

Kila badiliko liandikwe hivi: tarehe, kilomita za mita, jina la kitu kwa ukamilifu, "mkanda wa taimingi", namba ya spea, jina la fundi, namba ya stakabadhi, na kilomita na mwaka wa zamu ijayo. Kibandiko chenye tarehe na kilomita kiwekwe pia ndani ya boneti, ili kumbukumbu ibaki hata daftari likipotea au katibu akibadilishwa.

Mita ya kilomita ikifa, itengenezwe upesi. Kabla haijatengenezwa, makadirio yafanywe kwa stakabadhi za mafuta. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita moja, likitumia lita 3,300 kwa mwaka, limekwenda kilomita 26,400. Makadirio hayo si sawasawa kabisa, lakini ni afadhali kuliko ukurasa mtupu.

6. KUISIMAMIA KAZI

Bodi itake ankara kutoka kwa mafundi zaidi ya mmoja, na kila ankara itenganishe spea na ufundi. Visiagizwe mkanda peke yake. Beringi ya kukazia mkanda, pamoja na sili za oili za krankshafti na kemshafti, zibadilishwe wakati uleule, kwa kuwa gharama kubwa ya ufundi ni ya kufungua na kufunga, nayo tayari imelipwa. Katika injini ambazo pampu ya maji huzungushwa na mkanda huu, pampu nayo ikaguliwe na ibadilishwe. Mkanda ununuliwe kwa muuzaji anayetoa stakabadhi, uwe mpya, haujakunjwa wala kuguswa na oili.

Fundi mwangalifu mtamtambua kwa mambo haya. Hukata waya wa betri kwanza. Huoanisha alama za taimingi kabla ya kuutoa mkanda wa zamani. Haizungushi krankshafti wala kemshafti wakati mkanda haupo. Hufunga mkanda mpya bila kuupinda kwa bisibisi. Akimaliza, huizungusha injini kwa mkono kwa spana, mizunguko miwili kamili ya krankshafti, kisha huzitazama alama tena. Zikitofautiana hata kwa jino moja, huanza upya. Mwisho huirudisha mwanzo taa ya T-BELT kwa utaratibu wa kitabu cha gari.

Mkanda na beringi za zamani zirudishwe stoo na kuonyeshwa kwa Bodi kabla malipo ya mwisho hayajaidhinishwa. Huo ndio ushahidi kwamba kazi iliyolipiwa imefanywa.

7. UKIKATIKA NJIANI

Dereva afundishwe. Injini ikizimika ghafla, na stata ikawa inaizungusha kwa wepesi usio wa kawaida bila kuwaka, aache kuipiga stata mara moja. Gari lisisukumwe ili kuliwasha, maana kila mzunguko huweza kuzipinda valvu zilizosalimika. Livutwe hadi gereji likiwa nyutro.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KUNDI

1. Injini ya gari la chama chetu ni ya aina gani, na ina mkanda, cheni au giya?
2. Mkanda ulibadilishwa lini, mita ikisoma kilomita ngapi, na ni hati gani inayothibitisha?
3. Kwa mwendo wa mwaka jana, zamu ijayo itaangukia mwezi gani? Je, ni ndani ya msimu?
4. Katika hati za malipo za miaka miwili iliyopita, ni ngapi zilizoandikwa "belti" bila kufafanua ni ipi?
5. Je, makisio ya mwaka ujao yana fungu la matengenezo, na limehesabiwa kwa njia gani?

Katibu aandike majibu ya swali la pili na la tatu, ayasome katika kikao kijacho cha Bodi, na yaingizwe katika muhtasari. Kama jibu la swali la pili halipatikani, basi chama chenu kimo katika kundi la historia isiyojulikana, na hatua ya kuchukua imekwisha kuelezwa katika fungu la 3(d).

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika