Makundi Darasani: "Sisi" na "Wao"

Mwalimu akiwagawa wanafunzi katika timu mbili, nyekundu na buluu, huweza kuona jambo la ajabu: watoto walioketi dawati moja asubuhi hufika jioni wakitiliana shaka. Chanzo chake ni nini? Ni kugombea zawadi, au kugawanywa kwenyewe kunatosha? Wataalamu wa saikolojia ya jamii wamelichunguza swali hili kwa majaribio.

Jaribio la kambini

Mwaka 1954 Muzafer Sherif na wenzake waliwakusanya wavulana 22, wenye umri wa miaka 11 hivi, katika kambi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, Marekani. Wavulana hao hawakuwa wakijuana. Waligawanywa makundi mawili, na kwa siku za mwanzo kila kundi liliishi peke yake. Kisha makundi yalishindanishwa michezoni, na zawadi zikawa za washindi tu. Muda si muda matusi yalianza, bendera zikachomwa moto, na vibanda vya kulala vikavamiwa.

Kuwalisha pamoja na kuwaonyesha sinema hakukuleta upatanisho. Mezani walirushiana vyakula. Hali ilibadilika pale kambi ilipokosa maji, na baadaye lori lilipokataa kuwaka. Matatizo hayo yalipangwa na watafiti, ingawa wavulana hawakujua. Walilivuta lori wote pamoja, kwa kamba ileile waliyoitumia kushindana kuvutana. Baada ya kazi kadhaa za namna hiyo, uadui ulipungua.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1953 Sherif alifanya jaribio jingine, kwa wavulana waliokwisha kuwa marafiki kabla ya kugawanywa. Hao hawakugombanishika, na jaribio likaachwa. Uadui, basi, si jambo la lazima.

Jina tupu la kundi

Henri Tajfel, aliyefanya kazi Bristol, Uingereza, alitaka kujua kama upendeleo huweza kuzuka pasipo mashindano. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1970 na 1971, wavulana walikadiria idadi ya nukta zilizoonyeshwa kwa kitambo kidogo. Kisha kila mmoja aliambiwa kuwa yumo katika kundi fulani, kwa mfano la wanaokadiria kupita kiasi. Kwa kweli walipangwa kwa bahati nasibu. Hakuna aliyejua nani yumo katika kundi lake, wala aliyejigawia fedha mwenyewe.

Hata hivyo, walipogawa fedha waliwapendelea watu wa kundi lao. Zaidi ya hayo, walielekea kukubali kundi lao lipate kidogo, mradi jingine lipate kidogo zaidi. Tajfel alieleza kwamba mtu huchota sehemu ya heshima yake katika kundi lake; hivyo hutaka lionekane bora kuliko mengine.

Somo la vipande

Mwaka 1971 shule za Austin, Texas, zilianza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko. Walikaa chumba kimoja, lakini ugomvi ulizidi. Elliot Aronson na wanafunzi wake waligundua kwamba ufundishaji wenyewe ulikuwa mashindano: mmoja akikosa jibu, wengine walifurahi kwa kupata nafasi. Wakabuni utaratibu huu:

1. Darasa hugawanywa katika vikundi vya watu watano au sita, wa kila asili na uwezo.
2. Somo hukatwa vipande, na kila mwanafunzi hupewa kimoja.
3. Wenye kipande kimoja kutoka vikundi mbalimbali hukutana kukichambua.
4. Kila mmoja hurudi kuwafundisha wenzake.
5. Wote hujibu mtihani wa somo zima, kila mtu peke yake.

Hapo anayemcheka mwenzake mwenye kigugumizi hujinyima kipande asichoweza kukipata kwingine. Hivyo hujifunza kumsikiliza na kumwuliza kwa upole. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwalimu asitosheke, basi, na kuwachanganya wanafunzi wa mabweni au mikondo mbalimbali katika chumba kimoja. Awape kazi ambayo kila mmoja wao anahitajiwa.

Maswali

1. Kwa nini kula pamoja hakukuwapatanisha wavulana wa kambini?
2. Matokeo ya Tajfel yanatofautianaje na ya Sherif ya 1954?
3. Chagua mada moja ya biolojia, uigawe vipande vitano. Je, kila kipande kinahitajiwa kweli?