Fremu ya Baiskeli: Kaboni au Chuma?



Wengi wa wanafunzi wetu huja shuleni kwa baiskeli, na wako wazazi waliouza magunia ya mahindi ili wazinunue. Siku hizi, katika mabanda ya mitumba, nimeona baiskeli nyepesi za kaboni zikisimama pamoja na zile nyeusi za chuma tulizozizoea. Kijana huiinua kwa mkono mmoja akastaajabu. Kisha huja kuniuliza: Mwalimu, je, kitu hiki ni salama? Kitadumu, au kitakatika kama kijiti katika shimo la kwanza?

Nafundisha fizikia, kwa hiyo nitalijibu swali hili kama somo. Lina maana kubwa, kwa kuwa fremu ikikatika mteremkoni, hasara si ya fedha tu. Meno ya mtoto huweza kwenda, na pengine uhai wake.

Kwanza, tujue vitu vyenyewe. Chuma cha baiskeli ni kile cha pua. Nguvu yake ni sawa pande zote. Ukikivuta huku au kule, hujibu namna moja. Alumini nayo ni metali, ila ni nyepesi zaidi. Kaboni si metali. Ni nyuzi nyembamba mno, kila moja ni nyembamba kuliko unywele wa mtu mara kumi hivi, zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa kwa gundi ngumu. Fikirini nyumba ya fito na udongo. Fito hubeba mzigo, udongo huzishika fito mahali pake. Kimoja bila kingine si ukuta. Na kama fito, nyuzi za kaboni zina nguvu kuelekea urefu wake, lakini si kukingama. Ndiyo maana kiwanda huzilaza kwa kufuata njia zitakazopitiwa na mzigo wa mpandaji.

Pili, uzito. Chukueni kipande chenye sentimita 1 kila upande. Cha chuma kina gramu 7.8 hivi, cha alumini gramu 2.7, cha kaboni na gundi yake yapata gramu 1.6. Kwa hiyo fremu ya mashindano ya kaboni huwa na kilo 1 hivi, na ya chuma kilo 2 hivi. Msidhani kwamba wepesi huu ni udhaifu. Katika mwaka 1986 Mmarekani Greg LeMond alishinda Tour de France, mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa, akiwa juu ya fremu ya kaboni. Ndege ya Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011, karibu nusu ya uzito wake ni vitu vya jinsi hii. Kitu dhaifu hakiwekwi katika bawa la ndege.

Basi tofauti iko wapi? Iko katika namna ya kuvunjika.

Chuma kikizidiwa, aghalabu hupinda kabla ya kukatika. Bomba huingia bonde, rangi hupasuka, baiskeli huanza kuvuta upande mmoja. Hayo yote ni maonyo, na mwenye macho huyaona. Kaboni haipindi hivyo. Hubeba mzigo wake kwa uaminifu mpaka mwisho wa nguvu zake, kisha hupasuka ghafula. Tena, ikipigwa ubavuni na jiwe, au baiskeli ikiangukia ukingo wa daraja, tabaka za ndani huweza kuachana hali rangi ya nje ingali inang'aa. Ni kama nguzo iliyoliwa na mchwa: nje nzima, ndani haina kitu.

Lakini tusiisifu metali kupita kiasi. Mwaka 2006, katika mashindano ya Paris–Roubaix, ambayo hupita juu ya njia za mawe huko Ufaransa, Mmarekani George Hincapie alishtukia usukani umebaki mikononi mwake. Lililokatika ni bomba linalounganisha foki na usukani, nalo lilikuwa la alumini. Alianguka akaumia bega. Metali pia hukatika ghafula, hasa ikiwa imechoka.

Hapa tuseme juu ya uchovu wa vitu. Ukikunja waya mara moja, haukatiki. Ukiukunja huku na huku, mwisho hukatika. Sasa hesabuni. Mwanafunzi akaaye kilomita 6 kutoka shuleni, ikiwa kila mzunguko wa pedali humpeleka mita 5, huzungusha mara 1,200 kuja na mara 1,200 kurudi. Kwa siku 190 za masomo, hiyo ni mizunguko 456,000 kwa mwaka! Kila mzunguko huikunja fremu kidogo sana, hata jicho halioni.

Chuma kina mpaka wake: mkunjo ukiwa mdogo kuliko mpaka huo, hakichoki hata ukirudiwa mara milioni nyingi. Alumini haina mpaka wa namna hiyo. Kila mkunjo huhesabiwa, ingawa fremu iliyotengenezwa vizuri huchukua miaka mingi kabla ya kuonyesha ufa. Kaboni hustahimili mikunjo midogo vizuri sana. Adui yake mkubwa ni pigo, si uchovu. Viwanda vinavyofuata kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 4210 huzijaribu fremu za kaboni na za metali kwa kuzisukuma penye pedali mara 100,000, na kwa kuzipiga kwa uzito unaoangushwa. Kwa hiyo fremu mpya ya kiwanda cha kweli, iwe ya kitu gani, ni salama kwa kazi iliyotengenezewa.

Nimesema, kwa kazi iliyotengenezewa. Fremu ya mashindano ilikusudiwa mtu mmoja na chupa yake ya maji. Haikukusudiwa gunia la mkaa, wala mdogo wako juu ya keria.

Tatu, kuna jambo la kuunga. Katika Tour de France ya mwaka 1913, Mfaransa Eugène Christophe alivunjikiwa na foki katika mlima uitwao Tourmalet. Ilikuwa ya chuma. Kanuni zilimkataza kusaidiwa, basi alibeba baiskeli yake zaidi ya kilomita 10, akaingia katika kiwanda cha mhunzi kijijini Sainte-Marie-de-Campan, akaiunga foki mwenyewe kwa moto na nyundo. Waamuzi walimwadhibu kwa sababu kijana mmoja alimvukutia mivukuto! Hata hivyo aliimaliza safari yote, akawa wa saba. Chuma kina heshima hiyo: palipo na moto na fundi hodari, huweza kuungwa. Alumini hulegea nguvu pale inapochomelewa, na huhitaji matunzo maalumu ya joto baadaye, ambayo fundi wa barabarani hana. Kaboni haichomelewi kamwe, kwa kuwa moto huiunguza gundi. Hutengenezwa kwa nyuzi mpya na gundi mpya, na fundi aliyejifunza kazi hiyo hasa.

Kila kimoja kina matunzo yake pia. Chuma huliwa na kutu, hata kwa ndani. Kikaushe baada ya mvua, ukipake rangi palipokwaruzika. Kaboni haipati kutu, lakini ikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini huliwa upesi. Walio pwani wakumbuke. Tena, bolti ikikazwa kwa nguvu nyingi huliponda bomba la kaboni.

Shauri langu kwa wazazi ni hili. Kwa njia zetu za mashimo, kwa mizigo yetu na kwa mafundi tulio nao, fremu ya chuma ndiyo inayomfaa mwanafunzi. Si kwa sababu kaboni ni mbovu, bali kwa sababu chuma huonya kabla ya kuvunja, na fundi wa jirani huweza kukiponya. Kaboni iliyotumika, ambayo hujui ilianguka mara ngapi, ni kama dawa isiyo na karatasi yake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Aliyekwisha kuwa nayo asiitupe. Aifute vizuri, aichungulie penye mwangaza, aipapase kwa kidole kutafuta ufa au ulaini, kisha aigonge polepole kwa sarafu bomba zima. Mlio mkali ni dalili njema. Mlio uliofifia mahali pamoja ni dalili ya tabaka zilizoachana. Lakini mlio mzuri peke yake si hakikisho. Ikianguka vibaya, asiipande mpaka ikaguliwe. Na sisi wenye baiskeli za chuma na alumini tutazame kila juma pale mabomba yaunganapo, na foki chini ya usukani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali

1. Mwanafunzi hukaa kilomita 9 kutoka shuleni. Kila mzunguko wa pedali humpeleka mita 5. Huzungusha mara ngapi kwa juma la siku 5, kuja na kurudi?

2. Eleza kwa nini ukuta wa fito na udongo ni mfano mzuri wa kaboni. Mfano huo washindwa wapi?

3. Kagua baiskeli ya nyumbani kwenu leo jioni. Andika uliyoyaona, ukamwonyeshe mzazi wako kabla ya kuipanda kesho.